Kabla ya Kuinua Jiwe Lolote la Baba

SWALI: Marehemu baba yetu alitengeneza bustani ya Kijapani nyuma ya nyumba hapa Loresho, Nairobi, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mvua ya Aprili iliangusha ukuta wa jirani aliye upande wa juu, matope yakashuka mpaka kwenye kidimbwi, na mjakaranda wetu mkubwa ukang'oka ukaburuta mawe na kuangusha taa ya mawe. Samaki wachache wamebaki. Mkandarasi anasema alete tingatinga asafishe kila kitu, apande nyasi, halafu "atutengenezee nyingine". Mama anataka irudi vilevile ilivyokuwa. Inawezekana? Na kama inawezekana, tuanzie wapi? (Binti yake, Loresho)

JIBU: Dada yangu, pole sana, na umfikishie mama pole zangu. Inawezekana, kwa sehemu kubwa. Mawe yanaweza kurudi yalipokuwa, karibu kabisa. Maji nayo yanaweza kurudi. Miti haitarudi vilevile, na nitaeleza huko mbele kwa nini hilo lisimvunje mama moyo. Lakini yote hayo yanategemea jambo moja: tingatinga lisipite getini. Simdharau mkandarasi wenu. Huenda ni hodari wa misingi na barabara. Ila udongo wa Loresho ni ule mwekundu wa volkano, na sasa umelowa. Mashine ya tani kadhaa ikiupita mara mbili tatu, unashindiliwa mpaka mizizi ya miti iliyosalia inakosa hewa. Hasara hiyo hamtaiona leo. Mtaiona mwakani, miti ikianza kukauka kutoka kileleni. Na ile ndoo ya mbele haijui kutofautisha jiwe alilolichagua baba yenu na kifusi cha ukuta wa jirani.

Anayeitazama bustani ya Kijapani kwa mara ya kwanza huona mimea. Anayeitengeneza huanza na mawe, kisha njia ya maji, na mimea huja mwisho. Baba yenu alipanga hivyo hivyo, naamini, kwa hiyo hata leo, chini ya matope na matawi, sehemu kubwa ya kazi yake ipo. Mlichopoteza ni mpangilio, na mpangilio unaweza kupatikana tena ikiwa ushahidi wake haujafutwa.

Wajapani wenyewe walijifunza hili kwa uchungu. Tarehe 21 Septemba 1934 kimbunga kinachoitwa Muroto kilipiga magharibi ya Japani na kuharibu bustani nyingi za kale za Kyoto. Ikaonekana kwamba nyingi kati yake hazikuwa na vipimo wala michoro ya kuaminika ya kuzirudisha. Mtengeneza bustani mmoja, Mirei Shigemori, akaanza kuizunguka nchi akipima na kuchora bustani moja baada ya nyingine, na kuanzia mwaka 1936 hadi 1939 akachapisha juzuu 26. Bustani yenu haina juzuu. Ina nyie, ina mama, na ina alama zilizobaki kwenye mawe yenyewe.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nilikosea mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliitwa kwenda mtaa wa Karen, mti ulikuwa umeangukia bustani ndogo ya aina hii. Nilikuwa na haraka ya kuufikia mti, nikawaambia vibarua wasogeze mawe yote pembeni, wayaoshe vizuri, tutayarudisha baadaye. Tulipofika "baadaye", tulikuwa na mawe thelathini safi yaliyopangwa kando ya ua, na hapakuwa na mtu aliyejua lipi lilisimama wapi. Niliyapanga kadiri nilivyoweza. Mwenye nyumba, bibi mzee, alikaa kwenye kiti chake, akatazama kwa muda mrefu, akasema, "Ni nzuri, lakini si yetu." Sijaisahau sauti yake.

Kwa hiyo wiki hii ya kwanza msiinue kitu. Chukueni tepu ya kupimia, kamba, chaki na daftari. Chagueni nukta mbili zisizosogea, tuseme kona ya nyumba na nguzo ya geti, kisha pimeni umbali wa kila jiwe kutoka nukta zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikiwa kwenye karatasi, jiwe haliwezi kupotea hata likisafirishwa hadi Thika na kurudi. Lipeni kila jiwe namba kwa chaki, lipigeni picha pande zote nne, na andikeni kama limesimama, limelala au limeegemea jingine. Yale yaliyoburutwa pia yapimwe hapo yalipo, kwa sababu mkwaruzo uliobaki ardhini unaonyesha yalikotoka, na shimo ambalo jiwe limetoka lina umbo la kitako chake kama kiatu kilivyo na umbo la mguu.

Sasa tazameni jiwe lenyewe kwa makini. Utakuta mstari: chini yake rangi ni nyekundu ya udongo, juu yake rangi ni ya kijivu, pengine na madoa ya kuvumwani. Mstari huo ndio kina ambacho baba alilizika. Upande wenye kuvumwani ndio uliokuwa ukitazama hewa. Mkishika bomba la maji yenye nguvu mkaosha, mmefuta maandishi. Pitisheni chaki juu ya mstari huo leo, kabla mvua nyingine haijanyesha. Katika bustani ya namna hii jambo hili si dogo. Sakuteiki, kitabu cha Kijapani cha karne ya 11 kuhusu kutengeneza bustani, kinaonya kwamba jiwe lililokuwa limesimama kiasili lisilazwe, na lililolala lisisimamishwe, vinginevyo litaleta balaa. Msomaji wa leo anaweza kuliweka kando hilo la balaa, lakini jicho la mwandishi lilikuwa sahihi: jiwe lililogeuzwa huonekana kama mgeni aliyekaa vibaya.

Kisha fungueni albamu. Picha za harusi, za ubatizo, za wajukuu wakikimbizana. Mtu yeyote aliyesimama mbele ya bustani ile ameiacha nyuma yake kwenye picha. Picha za zamani za setilaiti nazo husaidia kuonyesha kivuli cha kila mti kilifika wapi. Na mumwulize mama swali hili moja: baba alikuwa akikaa wapi? Bustani hizi hupangwa kutoka mahali mtu anapokaa. Mkikijua kiti chake, mmejua kwa nini jiwe fulani liko kushoto kidogo na si katikati.

Sasa maji, kwa sababu hapa ndipo penye chanzo cha msiba wenu. Mti na ukuta vyote viwili viliangushwa na maji, hata kama upepo ndio uliosukuma mwisho. Fanyeni hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 200, kwa mvua ya milimita 50, linatoa lita 10,000. Hilo ni boza zima la maji, la paa moja tu. Mkiongeza ua wa jirani uliosakafiwa kabro, ambapo zamani palikuwa na nyasi zilizokuwa zikinywa, utaelewa kilichokuwa kikisukuma ukuta usiku ule. Ukuta wa mawe usio na matundu ya kutolea maji upande wa chini hugeuka kuwa bwawa, na haukujengwa uwe bwawa.

Nendeni kwa jirani mapema, kwa upole, na mama akiweza aende pia. Ukuta mpya uwe na matundu karibu na usawa wa ardhi, na nyuma yake kokoto badala ya udongo. Mkiupuuza mkutano huo, kila shilingi mtakayotumia upande wenu iko hatarini msimu ujao.

Ndani ya uwanja wenu nina pendekezo ambalo baba, nadhani, angelipenda. Katika bustani za Kijapani kuna mto mkavu: mkondo uliotengenezwa kwa mawe na changarawe, unaoonekana kama mto bila kuwa na maji. Tengenezeni mmoja kutoka pale maji yalipovunjia, uzunguke kidimbwi na kutokea kwenye mtaro. Siku nyingi utakuwa pambo. Siku ya mvua kubwa utakuwa mto kweli. Ili ufanye kazi zote mbili, uwe na kina cha kutosha, mawe makubwa yawekwe upande wa nje wa kila kona, kwa kuwa hapo ndipo maji hugonga, na madogo yawekwe upande wa ndani, ambapo maji hutulia na kuacha mchanga. Hivyo ndivyo mto halisi hufanya. Simameni kwenye daraja lolote la mto baada ya mvua mtaona.

Mjakaranda ulioanguka uondolewe na mtu mwenye ujuzi wa msumeno wa mashine. Hapa sibembelezi. Shina likikatwa, kisiki chenye sahani ya mizizi iliyoinuka kinaweza kurudi shimoni ghafla kwa nguvu, na matawi yaliyopindika hufyatuka. Asisimame mtu nyuma ya mizizi, hasa watoto. Mti ukatwe vipande vifupi vya kubebwa mabegani, usiburutwe. Na kwa ile mingine iliyobaki imesimama lakini mnafikiria kuikata, pitieni kwanza ofisi ya mazingira ya kaunti mwulize kuhusu kibali.

Je, iliyoinama bila kuanguka? Mti mdogo, unene wa mkono hivi, ukiwa umeinua sehemu tu ya mizizi, husimama tena. Funikeni mizizi kwa magunia mabichi hadi siku ya kuinua, chimbeni nafasi upande ulioinuka ili mizizi irudi bila kukunjwa, inueni polepole, kisha ufungeni kwa kamba ya katani kwenye vigingi vitatu, na pale kamba inapogusa gome wekeni kipande cha tyubu kuukuu. Ukae hivyo kama mwaka mmoja. Matawi yaliyovunjika yakatwe pale yanapoungana na shina, kwenye ule uvimbe mdogo, bila kuuchonga uvimbe na bila kupaka rangi wala lami. Mti hujifunga wenyewe. Msipunguze majani mengine. Mti uliojeruhiwa unayahitaji kujilisha.

Mti mkubwa uliong'oka mizizi hauwezi tena kushika ardhi kama zamani, hata ukiinuliwa kwa winchi. Lakini ulioinama tu, na haujang'oka, mbona uunyooshe? Japani utaona misonobari mizee imelala karibu na maji, imewekewa magongo ya mbao chini ya matawi kama mzee na mkongojo wake, na watu husafiri kwenda kuitazama. Kama kuna mti wa baba ulioinamia kidimbwi, uwekeeni gongo imara, muiache dhoruba iwe sehemu ya umri wake.

Kurudisha mawe ni kazi ya mikono na subira. Jiwe lenye sentimita 60 kila upande lina uzito wa zaidi ya nusu tani, kwa hiyo mtaimbo na nguvu za vijana hazitoshi. Njia ya zamani ingali bora: nguzo tatu zilizofungwa juu, winchi ya mnyororo ikining'inia katikati, na mkanda mpana wa kubebea ili jiwe lisichubuke. Mafundi wa gereji za lori wana winchi hizo na huzikodisha. Jiwe lishuke kwenye shimo lake hadi ule mstari wa chaki. Kwa kawaida theluthi yake au zaidi huwa ardhini. Ndiyo maana huonekana limeota badala ya kuwekwa. Pachikeni mawe madogo chini yake kama kabari, jazeni udongo kidogo kidogo, kila tabaka lishindiliwe kwa kipande cha mti, kisha sukuma kwa mikono. Likitikisika, rudieni. Simenti msitumie. Ina chokaa inayovuja kwenye kidimbwi na kuwaumiza samaki, na inazuia maji kupita chini ya jiwe, na hayo maji ndiyo yatakayolisukuma mvua ijayo.

Na mama awe amekaa kwenye kile kiti wakati kazi hiyo inafanyika. Fundi ainue, mama aseme kushoto, kulia, geuza. Vipimo vyenu vitalifikisha jiwe mahali pake. Jicho lake ndilo litakalolipa uso.

Samaki hawawezi kungoja michoro, kwa hiyo hao wahudumieni leo. Wahamisheni kwenye tangi lenye kivuli na pampu ndogo ya hewa, na msiwalishe kwa siku chache. Maji ya mfereji yana klorini, yaacheni wazi siku moja au mbili yakitibuliwa kwa hewa kabla ya kuyatumia. Matope ya kidimbwi yachotwe kwa ndoo baada ya samaki kutoka. Msiyakoroge wakiwa ndani. Umeme wa pampu uzimwe kwenye swichi kuu kabla mtu hajatia mguu majini. Mkiwarudisha, wekeni wavu kwa muda, kwa sababu kivuli cha mjakaranda hakipo tena na korongo watawaona wale samaki wekundu na weupe kutoka mbali.

Changarawe nyeupe iliyochanganyika na matope msiipige reki ikiwa mbichi, mtazidi kuyazamisha. Ingojeni ikauke, kwangueni tabaka la juu, lipitisheni kwenye chekecheke, liosheni kwenye mapipa mbali na kidimbwi. Kama itabidi mnunue nyingine, nawasihi msinunue ile nyeupe pee ya marumaru ya Kajiado. Jua letu karibu na ikweta huifanya ichome macho, na marumaru yenyewe hupunguza uchachu wa udongo, jambo ambalo azalea, vile vichaka vya maua, hazivumilii. Hata ule mchanga maarufu wa Kyoto si mweupe kabisa. Ni granaiti iliyomomonyoka, yenye punje nyeusi ndani zinazopooza mng'ao. Kokoto ndogo ya kijivu ya machimbo ya hapa Nairobi, ikioshwa, inakaribia hali hiyo zaidi.

Taa ya mawe hutengenezwa vipande vipande vinavyokaliana: msingi, shina, meza, chumba cha mwanga, kofia na kile kitunguu cha juu. Mara nyingi ikianguka huachana tu. Panga vipande kwenye gunia, tazama nyufa. Kilichopasuka huungwa kwa gundi ya epoksi. Kama ni ya simenti yenye nondo ndani na nondo imeshika kutu, iacheni ikae chini kwa sasa, maana kofia ikimdondokea mtoto ni msiba mwingine.

Nimefika kwenye miti, na hapa namwomba mama radhi. Mjakaranda asiupande tena pale. Ulikuwa mzuri, lakini ni mti wa Amerika Kusini unaotaka nafasi kubwa, na juu ya kidimbwi hujaza maji maua na majani. Sipendekezi pia mwelekeo wa kuagiza mimea ya Kijapani ili "iwe halisi". Mimaple ya Kijapani na micheri husubiri baridi ya miezi kadhaa ili ilale, na Nairobi haina baridi hiyo; huishi kwa kuchanganyikiwa. Na hatuhitaji kwenda mbali. Podo wetu wa milimani ni ndugu wa karibu wa maki, mti ambao Wajapani huukata kwa umbo la mawingu, na podo huvumilia mkasi vizuri. Azalea hustawi kwenye udongo wenu mwekundu. Na vichaka vile vya mviringo vinavyokatwa vikalala kama vilima? Japani hutumia azalea, na pia hutumia mchai. Mchai umepandwa Limuru tangu mwaka 1903, umbali mfupi kutoka kwenu, na mchuma chai yeyote wa Tigoni anajua kuuweka sawa kama meza. Sijui kwa nini bustani zetu hazijautumia zaidi.

Lakini msipande sasa. Mwanga umebadilika tangu mjakaranda uondoke. Mahali palipokuwa baridi patakuwa na jua la saa sita. Tazameni kwanza. Mvua zikiisha, miezi ya Juni hadi Agosti, kukiwa na kipupwe na udongo umekauka, ndiyo ya mawe, mto mkavu na kidimbwi. Kupanda kungoje vuli, kuanzia Oktoba, mizizi ishike kabla ya jua la Januari. Uzio wa mianzi, kama ulikuwapo, ujengwe katikati ya hapo, kwa mianzi iliyokomaa, na nguzo zake zikae juu ya mawe ili mchwa wasizifikie.

Mkandarasi msimfukuze. Mwambieni abebe vipande vya mjakaranda na kifusi cha ukuta kwa toroli kupitia njia moja mliyoitandikia mbao, na awatafutie winchi. Akikataa kazi isiyo na tingatinga, wapo wengine. Mkishamaliza kuchora, nitumie nakala ya karatasi hiyo pamoja na picha mbili tatu za albamu, na namba ya jiwe ambalo mama anasema baba alilipenda kuliko yote. Kazi ya winchi ianze na hilo.